Mafungu ya Mama Domitille

Jiwe la kijani ndilo linalowatapeli wageni. Mtu anayefika Kolwezi kwa mara ya kwanza huokota jiwe linalong'aa kijani kama jani la sombe, yaani kisamvu, baada ya mvua, akalitia mfukoni, akaamini ameokota shaba. Mama Domitille, aliyekuwa ameketi kwenye depo za mawe, wachimbaji wanakouza mawe yao, kwa miaka kumi na tisa, hakuamini kitu kabla ya kukigonga nyundo. Alililowesha jiwe, akalipima uzito kiganjani, akalivunja, ndipo akatazama ndani. Mengine yalikuwa yamepakwa kijani na maji tu, ndani chokaa tupu. Mengine yalikuwa meusi, ya kuchukiza, kama makaa yaliyozimwa na mvua, na ndani yake kulikuwa na mali. Kisha aliyagawa kwa mafungu, na mnunuzi aliyelikuta fungu lake hakuuliza mara mbili.

"Rangi ni salamu tu," aliwaambia wasichana wapya wa depo. "Mutu akikusalimia muzuri, haijakuambia eko namna gani mu nyumba yake."

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, mwenye mikono iliyokauka kwa maji ya kuoshea mawe. Kusoma alikuanza akiwa na miaka arobaini na saba, katika darasa la jioni la parokia, chini ya taa ya sola iliyoning'inizwa kwenye msumari. Kila jioni, kabla ya kufungua daftari, alifanya ishara ya msalaba na kusema maneno yale yale: "Bwana, kichwa hiki ni chako, ukifungue." Wenzake walimcheka mwanzoni. Baadaye walianza kumngoja amalize ndipo wafungue madaftari yao.

Darasa hilo lilikuwa na kabati moja la vitabu. Vitabu vyenyewe vilikuwa arobaini na vitatu, vyote vya Kifaransa, na vilifika kwa treni kutoka Lubudi ndani ya makatoni mawili yaliyofungwa kamba. Vilikuwa vya marehemu Tata Mukuna, aliyekuwa mkuu wa stesheni huko, mtu aliyengoja treni zisizofika kwa miaka mingi na kujifunza kungoja akiwa na riwaya mkononi. Binti yake Valérie ndiye aliyevitoa sadaka. Tata Mukuna alipenda aina moja tu ya riwaya: zile za mambo yasiyokuwapo. Falme zisizo kwenye ramani, majoka, mashine za kale ambazo hakuna fundi aliyewahi kuziunda.

Domitille alivisoma vyote arobaini na vitatu, kimoja baada ya kingine, kidole kikitangulia neno, kwa miaka mitatu. Kitabu cha kwanza alichokimaliza maishani mwake kilitoka humo. Jina lake, tukilisema kwa lugha yetu, lilikuwa Malkia wa Mito Saba. Siku alipofika ukurasa wa mwisho alikaa kimya kwenye benchi, mikono juu ya kitabu, akamshukuru Mungu kama mtu aliyepona ugonjwa.

Ndiyo maana, Jumanne ile Tata Barnabé alipoingia darasani na kusema kabati litachomwa moto, Domitille hakupiga kelele. Aliinuka tu, daftari mkononi, akasogea karibu na kabati.

Tata Barnabé alikuwa mwenyekiti wa komite ya parokia. Kabla ya kustaafu alikuwa makanika wa malori makubwa kwenye mashimo ya mgodi uitwao Mashamba, malori ambayo gurudumu lake moja linampita mtu kimo, na hata sasa alitembea kama mtu anayesikiliza injini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Mkononi alishika kitabu ambacho mjukuu wake alikuwa amekipeleka nyumbani. Picha ya jalada ilionyesha chombo kikubwa kama boti, kisicho na mabawa, kikielea juu ya mapaa ya mji usiku, na watu wenye miwani mikubwa wakichungulia chini.

"Mwalimu," alimwambia Glodie, mwalimu wa darasa, "hii ni nini?"

"Ni riwaya, Tata."

"Mi nakuuliza hii kitu inapita juu ya manyumba na usiku. Haina mabawa. Haina moteur. Inabeba batu."

Kila mtu Kolwezi anajua ni nini kinachopita juu ya nyumba usiku bila mabawa wala injini. Watoto huambiwa habari zake tangu wakiwa matitini: ndege ya wachawi, iliyoundwa kwa ganda la karanga au ungo, ambayo ikikosea njia huanguka juu ya paa la mtu mwenye sala.

"Ndege ya bachawi," alisema Tata Barnabé, akijijibu mwenyewe. "Mu parokia. Mu mikono ya mutoto."

Alifungua kabati, akavichambua vitabu kwa kutazama majalada. Fuvu, moto. Joka, moto. Mwanamke mwenye fimbo inayotoa mwanga, moto. Alibakiza vitano tu ambavyo aliviona safi: viwili vyenye picha za maua, kimoja chenye kanisa, kimoja chenye treni, na kijitabu chembamba chenye picha ya mikono miwili inayosali. Hivyo vitano aliviweka mezani kwa mkono wa taratibu. Vingine alivirudisha ndani, akafunga, akautia ufunguo mfukoni.

Padri Tharcisse, paroko, alipopata habari, alifanya jambo lake la kawaida: hakukataa, hakukubali. Alisema komite itakaa Jumapili baada ya misa ya pili, na kwamba hawezi kuchoma kitu ambacho hakuna aliyekisoma.

"Nani alibisoma?" aliuliza.

"Mama Domi, Mupe," alisema Glodie, akimwita padri kwa jina la heshima. "Yeye peke yake alibimaliza."

Padri alimgeukia Domitille. "Basi, mama, wewe utatuambia ni nini iko ndani. Si kwamba ni bizuri. Hiyo kila mutu anaweza kusema. Utuambie kila kimoja ni cha aina gani. Kile utashindwa kueleza, Tata Barnabé atakichoma, na mi sitamuzuia."

Ufunguo ulirudi kwa Glodie. Zilibaki siku nne.

*

Jumatano, kabla ya darasa, Domitille alivitandika vitabu sakafuni juu ya kitenge, akasali, akaanza kupanga. Alipanga kama alivyoona: vyenye joka huku, vyenye taji huku, vyenye treni na mashine pale, vyenye wafu mwisho. Ilimchukua nusu saa. Alisimama, mikono kiunoni, akayatazama mafungu yake akiwa ameridhika.

Kyungu, kijana mchimbaji aliyekuwa anajifunza hesabu, alipita akainama. "Mama Domi, hii joka iko mu fungu ya majoka. Lakini anavuta treni. Unamutoa mu treni juu ya nini? Alikosa tiketi?"

Darasa lilicheka. Glodie hakucheka. Alikichukua kitabu hicho, Reli ya Joka, akakiweka katikati ya mafungu mawili, akamtazama Domitille.

Domitille aliketi chini taratibu. Aibu ilimpanda kifuani, kwa sababu alikuwa ameona alichokifanya. Alikuwa amepanga kwa rangi. Yeye, aliyewahi kumnyang'anya msichana mpya ndoo nzima na kuimwaga chini kwa kosa hilo hilo. Joka, taji, fuvu, treni: zote zilikuwa salamu za mlangoni. Tata Barnabé alikuwa amefanya vile vile, na tofauti kati yao ilikuwa tu kwamba yeye alikuwa amevisoma.

"Nyundo," alisema.

"Nini, mama?"

"Tunavunja kwanza."

Alivichanganya vyote upya. Wakakaa yeye na Glodie pande mbili za kitenge, na kwa kila kitabu Domitille alifunga macho, akakikumbuka chote, kisha akauliza anachouliza jiwe: nikitoa kitu hiki, kinachobaki kinasimama?

Walianza na kile kilicholeta vita, chenye chombo kinachoelea. Jina lake lilikuwa Nahodha wa Mawingu.

"Toa uchawi," alisema Glodie.

Domitille alifikiri. "Haimo. Hakuna hata mutu moja anasema neno na kitu kikatokea. Kile chombo kinabebwa na mfuko ya hewa ya moto, na chini kuko boiler ya kuchemsha maji, na kuko mutu anatia makaa. Makaa ikiisha, banaanguka. Sura ya tisa banaanguka kweli."

"Toa mvuke."

"Hakuna kitabu."

"Basi umejibu," alisema Glodie. Alimweleza kwamba aina hiyo ina jina huko nje, wanaiita stimpank, na kwamba mwandishi wake huchukua wakati wa mababu, wakati wa treni za moshi na kofia ndefu, halafu anauliza swali moja: ingekuwaje kama mvuke usingeachwa? Kama watu wangeendelea kuunda kila kitu kwa moto na maji na shaba? Si wakati uliopita kama ulivyokuwa. Ni wakati uliopita uliochukua njia nyingine kwenye panda.

"Kumbe ni panda ya reli," alisema Domitille. "Tata Mukuna alikaa ku aiguillage, pale reli inagawanyika, maisha yake yote. Njo maana alibipenda."

Kuanzia hapo mikono yake ilipata mwendo wa depo. Vitabu vingine vilikuwa na mashine lakini havina moto: ndani yake kila kitu kilienda kwa springi na magurudumu yenye meno, ndege za mbao zilizotiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na watu wake walivaa kama wafalme wa zamani sana, kabla ya treni. Hivyo alivipa fungu lao. Vingine vilikuja baada ya mvuke: chuma kizito, redio, vita, miji yenye kiza cha moshi, na mashine zinazokunywa mazut, dizeli ya malori. Viwili vya mwisho vya mashine vilikuwa na nyumba nyeupe zinazong'aa, magari yanayoelea, akina mama wanaotabasamu jikoni, na kila kitu kiliendeshwa na nguvu ya atomu.

"Hii najua," alisema Domitille, na sauti yake ilishuka kidogo. "Hii ni jiwe ya Shinkolobwe, ile balifanya nayo bomu ya atomu. Banacheka mu kitabu chote, lakini kuko kitu chini ya meza banaogopa kutaja." Alivitenga viwili hivyo pamoja.

Yote hayo, alisema, ni ndugu. Wana baba mmoja: mashine. Hata kama mashine ni ya uongo, ina bolti, na mwandishi anakuonyesha bolti.

Alhamisi waligeukia upande wa pili, vitabu visivyo na bolti. Hapa kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa vyote vilionekana kama kitu kimoja: maajabu. Domitille aliyavunja kwa swali lingine. Nani anashangaa?

Katika Malkia wa Mito Saba hakuna aliyeshangaa. Mto ulisema na malkia, na malkia akaujibu kama mtu anavyomjibu jirani. Dunia yenyewe ilikuwa nyingine, ina milima yake na sheria zake, na ajabu lilikuwa kama upepo tu. Hilo lilikuwa fungu la dunia nyingine, kubwa kuliko yote. Halafu kulikuwa na vitabu vya mji kama huu wetu, wenye teksi na ofisi na foleni ya mkate, ambamo ajabu limejificha nyuma ya ukuta, na wachache wanalijua na kuishi nalo. Na mwisho kulikuwa na vile alivyovipenda kidogo kuliko vyote. Mji ni wetu, mtu ni kama sisi, halafu kitu kimoja kinaingia ambacho hakina nafasi. Mtu yule anashangaa, anaogopa, anajiuliza kama ni homa, na kitabu kinaisha bila kumjibu.

"Hii, Kifaransa chenyewe kinaitenga," alisema Glodie. "Pale hakuna anayeshangaa, ni merveilleux. Pale mutu anashangaa mpaka mwisho, ni fantastique."

"Na Reli ya Joka?" aliuliza Kyungu, ambaye siku hiyo hesabu zilikuwa zimemshinda.

Domitille alikishika mkononi kama anayekipima uzito. Toa joka, treni haiendi. Toa treni, joka hana kazi. "Hii ni jiwe yenye shaba na kobalti pamoja," alisema. "Tunajua hii. Haitupwe juu ya kukosa jina moja. Inapewa fungu yake."

Kyungu alikubali kwamba hilo lilikuwa jibu la mtu wa Kolwezi.

Ijumaa vilibaki vitano tu, vile vilivyopita kwa Tata Barnabé kama safi. Vinne vilikwenda haraka kwenye mafungu yao. Chenye picha ya kanisa ndicho kilichokuwa cha kutisha kuliko vyote kabatini, na Domitille alikiandikia karatasi: watu wazima tu, rafu ya juu. Kisha akakichukua kile chembamba chenye mikono inayosali. Alikuwa amekisoma mwaka wa kwanza, alipokuwa bado anasoma maneno bila kuyaelewa, na hakukirudia tena. Sasa alikifungua, akasoma ukurasa wa kumi na mbili, akasoma wa kumi na tatu, akakifunga.

Hakukuwa na mfalme ndani yake, wala mashine, wala safari. Kulikuwa na maagizo. Washa mishumaa mitatu ya rangi hii. Andika jina la anayekuzuia mali. Taja neno hili mara saba.

Glodie alikisoma begani mwake. "Mama. Hiki njo Tata Barnabé alisema kiko safi."

"Ndiyo."

"Tunamumaliza nacho Jumapili. Mbele ya komite nzima."

Domitille alikifunga ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Moyo wake ulimwambia vile vile alivyosema Glodie, na hilo ndilo lililomtia shaka. Alisali rozari nzima njiani kwenda nyumbani, na alipofika kwenye msalaba wa mwisho alijua atafanya nini. Haki yake ilikuwa kulinda kabati. Kumvua mzee nguo mbele ya watu haikuwa sehemu ya haki hiyo.

*

Jumapili ukumbi ulijaa. Watu walikuja kwa sababu walisikia kutakuwa na moto, na moto bila malipo huwavuta wengi. Kabati lilisimama mbele, milango wazi, na mafungu ya Domitille yakiwa yamepangwa juu ya meza mbili, kila fungu na karatasi yake iliyoandikwa kwa herufi kubwa, zilizosimama wima kama askari wapya.

Alianza na Nahodha wa Mawingu. Hakuhubiri. Alimpa Tata Barnabé kitabu kikiwa wazi kwenye sura ya nne. "Tata, wewe ni makanika. Usome hapa, utuambie ni uchawi ama ni boiler."

Tata Barnabé alivaa miwani yake. Alisoma midomo ikitikisika. Ukumbi ulingoja. Aligeuza ukurasa, kisha akaugeuza tena, na paji lake likakunjamana.

"Hii soupape ya kuachia mvuke haiwezi kuzuia hii pression," alisema. "Itapasuka."

"Inapasuka sura ya tisa," alisema Domitille.

Watu walicheka, na mzee mwenyewe nusura acheke. Akaisoma sentensi nyingine, akavua miwani. "Bon. Hii ni moteur. Si ndege ya bachawi. Nilisema haraka."

Domitille alieleza mafungu mengine ya mashine, la springi, la mazut, la atomu, na kwa kila moja alieleza panda iko wapi, ni wapi historia ilitoka kwenye reli tuliyoijua. Ilikuwa sauti ile ile ya depo, ya mtu anayesema: fungu hili ni hili, nenda ukapime popote. Kisha akaeleza mafungu ya maajabu, nani anashangaa na nani hashangai. Padri Tharcisse alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali.

Tata Barnabé aliinua mkono.

"Mama Domitille, umefanya kazi. Na umenisaidia. Umegawa mwenyewe: hapa mashine, hapa uchawi. Asante sana. Ya mashine ibakie mu kabati. Ya uchawi iende ku moto. Ni wewe umesema, si mi."

Glodie alifunga macho. Domitille alitazama meza ya pili, ambako Malkia wa Mito Saba kilikuwa juu kabisa, jalada lake limelegea kwa kushikwashikwa na mikono yake mwenyewe. Alikuwa ametenganisha vizuri mno. Ni kama mtu aliyechagua mawe kwa uangalifu, halafu mwizi akaja kuchukua kwa fungu.

Angeweza kusema kwamba mle hakuna uchawi. Ungekuwa uongo, na alikuwa amesali asiseme uongo.

"Tata Barnabé," alisema, "ukiwa mutoto, nkambo wako, babu yako, alikuambiaka mambo ya Kabundi?"

"Nani hakuambiwaka mambo ya Kabundi?"

"Kabundi ni kanyama kadogo. Anasema na chui. Anakufa asubuhi, magaribi anafufuka ju ya ujanja. Ile ni mashine?"

Mtu nyuma alicheka. Tata Barnabé alisita. "Ile ni hadithi."

"Nkambo wako alikuwa mulozi, muchawi?"

"Nkambo wangu alibatizwa mbele ya batu bote mu kijiji!"

"Alikufundisha nini na Kabundi?"

"Alinifundisha nisikuwe mupumbafu mbele ya mwenye nguvu."

"Njo ile," alisema Domitille. "Hakukufundisha kuongea na chui. Hakuna mutu aliambiwa Kabundi akaenda mu pori kuita chui. Ju nkambo alikufungulia mulango mbele ya macho yako. Alisema, sikiliza, ni hadithi. Ukaingia, ukatoka, ukalala. Hii Malkia wa Mito Saba inafanya vile vile. Ukurasa wa kwanza inakuambia: hapa si kwenu, hii ni inchi nyingine. Inaonyesha mulango. Tata, kitabu cha kuogopa ni kile hakina mulango. Kinakuambia uko kwako, na kinakutuma kazi. Fanya hii leo, utapata ile kesho. Kile hakiko mu fungu yangu hata moja, ju hakiko hadithi."

"Kiko wapi, kile?" aliuliza Padri. "Kilikuwa mu kabati?"

"Kilikuwamo kimoja, Mupe."

Alitoa kijitabu ndani ya kitambaa, bado kikiwa kimefungwa nusu, jalada likiwa chini, watu wasilione. Akampelekea Tata Barnabé mwenyewe, akainama kidogo alipompa, kama mtu anavyompa mkubwa. "Usome ukurasa wa kumi na mbili, Tata. Mu roho tu. Ukimaliza, utafanya vile utaona. Mi sitasema kitu."

Alirudi akakaa kwenye benchi, mikono mapajani. Ilikuwa mikononi mwa mzee sasa: angeweza kukitia mfukoni, na hakuna mtu angejua kilikuwa fungu gani.

Tata Barnabé alisoma. Wakati huu midomo yake haikutikisika. Alipomaliza alikigeuza, akaitazama ile mikono inayosali, akaitazama muda mrefu. Kisha akasimama, akakiinua juu ili wote waone jalada.

"Hiki," alisema, "kinafundisha kutaja jina la mutu mbele ya mushumaa. Na ni mi nilikiweka pembeni nikasema kiko safi." Aliigusa picha ya jalada kwa kidole. "Ju ya mikono."

"Ni kijani ya juu-juu, Tata," alisema Domitille kwa upole. "Inatupata bote. Hata mi, Jumatano, nilipanga na rangi."

Mzee alimpa padri kijitabu, na padri akakitia ndani ya kanzu. Moto haukuwashwa. Waliokuja kwa ajili yake walitoka taratibu, na wengine walipitia mezani kwanza wakasoma karatasi za mafungu. Komite iliamua mambo mawili: kabati litabaki, na mafungu yatabaki kama yalivyo. Tata Barnabé akaongeza la tatu, akisisitiza liandikwe. Mtu yeyote anayepinga fungu la kitabu, akisome kwanza mpaka mwisho.

*

Wiki tatu zilipita. Jioni moja, kabla darasa halijaanza, Tata Barnabé aliingia na kitabu kwapani, Ndege Kumi za Chuma, kutoka fungu la mvuke. Hakusalimu. Alikiweka mezani mbele ya Domitille na kukifungua mahali palipowekwa kijiti cha kiberiti.

"Mama, umekosea."

Darasa zima liliinua vichwa.

"Umekiweka mu mvuke. Ju ya nini? Ju mwanzo kuko treni ya moshi. Lakini ile treni inabeba tu yule kijana mpaka ku stesheni, inaenda zake. Toa ile treni, kitabu kinasimama. Sasa soma hapa. Hapa. Pompe ya mazut. Na hapa, fundi ananawa mikono na mazut. Mi nilinawa na mazut miaka makumi mbili na saba, najua harufu yake hata ku karatasi."

Domitille alisoma ukurasa ule, kidole kikitangulia neno. Akarudi nyuma kurasa kumi, akasoma tena. Kisha alibandua kwenye jalada kikaratasi chenye neno MVUKE, akachukua kalamu, akaandika MAZUT kwenye kipya kwa herufi zake zilizosimama wima, akakibandika mahali pake.

"Una haki, Tata. Nilivunja pembeni tu, sikufika katikati."

"Inatokea," alisema Tata Barnabé kwa ukarimu mkubwa wa mtu aliyeshinda. Hakuondoka. Alizunguka meza, akapekuapekua, akapita fungu la springi bila kulitazama, akasimama mbele ya meza ya pili. "Ile ya malkia na mito. Kuko mutu amekichukua?"

"Kiko hapo."

"Ndani yake hakuna moteur hata moja?"

"Hata moja, Tata."

Alikichukua, akakipima uzito kiganjani, akakigonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, kama msichana wa depo. Kisha akavuta benchi, akaketi chini ya taa kati ya wanafunzi, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza.